Chupa ya Yaya Saidi

Hapa Lubumbashi hakuna kijana anayenukia kunishinda miye. Nikipita, ba mama banafungua madirisha, na imbwa za mutaa yetu yote ya Annexe zinasimama kunipa heshima. Lakini leo miye Trésor, mwenye mudomo mukubwa, nakosa maneno.

Yaya Saidi amekufa. Nimeandika ile mistari mara tatu, nimeifuta mara tatu. Kichwa inakataa.

Kwa benye hamukumujua: nilimuita yaya, ni kusema kaka mukubwa, hata kama hatukuzaliwa tumbo moja; alikuwa fundi wa nguo, muntu wa Maniema, atelier yake inaangaliana na salon yangu ya kukata nywele. Kila suruali munaionaka hapa ku page yangu ya internet ni mukono yake.

Alikuwa ananiitaka Ministre. "Ministre, suruali iko tayari. Sasa kiuno ya kuishika iko wapi?" Uongo mutupu. Kiuno niko nayo.

Kisha kifua ikaanza kumubana. Nikamubeba na pikipiki mpaka hospitali. Daktari, mama moja mupole, akatueleza: ndani ya mushipa ya damu kuko ngozi nyembamba, na ile ngozi njo inatengenezaka hewa kidogo, monoxyde d'azote. Ile hewa inaambia mushipa: legea, fungua, acha damu ipite. Ya yaya ilikuwa imechoka. Kidonge cha chini ya ulimi kingemuletea ile hewa.

Nikanyoosha kidole kama muanafunzi. "Docteur, si ile hewa inatokaka mu moshi ya ma lori, ma camion?"

"Ni ile ile," akasema.

Yaya akanigeukia: "Mudogo, sasa niko na camion mu kifua?"

Mpaka leo sielewi namna kintu cha mu moshi kinaokoa muntu. Namna gani?

Yaya hakusomaka Kifaransa. Nikamuambia: "Leta ile karatasi ya dawa, Kifaransa kwangu ni mayi ya kunywa!" Nikasoma mistari ine na sauti ya muntu wa radio, nikaikunja. Ingine, nikasema, ni maneno ya ba docteur.

Na dawa ilifanya kazi, jamani. Niliona na macho yangu mara mbili. Anashika kifua, anakaa, anaweka kidonge, anakunja uso: "Inachoma kama pilipili." Dakika kidogo, anadai chai.

Siku ine nyuma, asubuhi, kifua ilimushika mbele ya pasi. Bibi yake wa ndoa, Mama Zuena, akamuwekea kidonge. Tukangoja.

"Mudogo," yaya akasema, "leo haichome hata."

Nikamutania: "Ulimi yako imezoea, yaya. Imekuwa ya muzee."

Ile njo maneno yangu ya mwisho kwake. Kidonge cha pili, hakuna kitu. Tulifika na pikipiki ku mulango ya hospitali, na mukono yake ikaniachilia kiuno. Ile kiuno alisemaka haiko.

Siku ile ile tukamuzika, vile desturi ya ba Islamu inataka. Benye kumuosha bakaomba mafuta ya kunukia. Nani mwingine, kama si miye? Nikatoa chupa yangu mu mufuko. Mama Zuena njo aliipokea ku mulango, akaigeuza-geuza.

"Trésor, hii si chupa ya dawa yake?"

"Hapana, mama. Zinafanana tu."

Tangu pale anauliza kila muntu anayekuja ku matanga: "Dawa nilimuwekea miye mwenyewe. Nilikosea wapi?" Banamujibu: ni mapenzi ya Mungu. Miye, mwenye mudomo mukubwa, nagawa chai.

Jana njo nilisoma karatasi yote, mpaka chini. Iko imeandikwa: vidonge visitoke mu chupa yake ya kioo. Mu plastiki, nguvu yake inapotea mu hewa. Kama manukato!

Mama Zuena, haukukosea. Muzee mwenye kuuzaka mafuta ya kunukia hapimiake mafuta muntu asiye na chupa yake ya kioo, na ile ya yaya ilikuwa muzuri, kidogo, rangi ya chai. Siku moja yaya alienda kusali, akaacha koti ku kiti. Nikamwanga vidonge mu sachet ya plastiki ya karanga, nikafunga fundo, nikavirudisha mu mufuko yake, chupa nikaibeba.

Sijui kama dawa nzima ingemuokoa. Labda. Labda hapana. Kila saa najibu tofauti. Nikimaliza kuandika navuka barabara, mama, nakuletea chupa. Unifanye unachotaka.

Leo sikupaka kitu. Nanuka jasho, yaya, ungecheka.

Lala salama, fundi wangu. Ile siku uliona sachet, ukaniuliza kama karatasi inaruhusu. Nilisema: "Inaruhusu, nimeisoma yote."

Nilikuwa sijaisoma.