Njia Iliyopinda

Wateja walimbandika jina la Bi Ehee, maana hakuweza kushika kichwa cha mtu bila kumtilia hadithi, na akinyamaza kidogo tu achambue nywele, aliyekaa chini humhimiza, "Ehee?" Alikuwa msusi wa miaka mingi, na visa vyake alivikata kwa kipimo cha mtindo. Rasta zilipata mambo marefu ya wafalme na wake wenza. Twende kilioni, ile mistari minyoofu inayolala nyuma, ilipata kisa kifupi cha wezi. Hadithi haikuwahi kuzidi nywele.

Alichopenda kuliko vyote ni kuchimba mioyo ya watu. Mteja akisema, "Aa, huyo mwongo tu," yeye alisimamisha kitana. "Mwongo wa nini? Hakuna anayedanganya bure, mwanangu. Tafuta anachoogopa, utamkuta amekaa hapohapo."

Kwa hiyo mdogo wake alipomwambia kwamba hakupasuliwa kwa sababu mashine iliharibika, na mara ya pili kwamba daktari alifiwa, Bi Ehee alijua. Mashine ilikuwa nzima, na jamaa za daktari walikuwa wanakula na kulala. Mdogo wake alifika mlangoni pa hospitali, miguu ikamgomea, akageuka. Alikuwa na uvimbe tumboni, na sasa daktari alisema waziwazi kwamba hauwezi kungoja tena. Kesho ndiyo ilikuwa siku.

"Nisuke, dada," mdogo wake alisema, akikaa kwenye kigoda sebuleni. "Muuguzi anataka nywele zilale, zisisumbue kofia. Ule mtindo... si unaujua?"

Hakuna aliyetaka kuutaja.

"Twende kilioni turudi tukicheka," alisema Bi Ehee, na wote wawili wakacheka kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili.

Akaanza kisa cha mlinzi. Mdogo wake alikijua tangu zamani: mtu mwoga aliyedanganya kwamba aliwahi kupiga wezi watatu peke yake, ili apewe kazi ya kulinda ghala, watoto wake wapate kula. Wezi walipokuja kweli alipita dirishani, akaacha kiatu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Wateja wakifika hapo hucheka mpaka vichwa vinamponyoka msusi mikononi.

"Basi wezi wakavunja kufuli," alisema Bi Ehee. "Mlinzi akashika rungu lake, akasimama mlangoni."

"Akasimama?" Mdogo wake akageuza shingo. "Huyu si siku zote hukimbia?"

"Tulia nikusuke. Leo hakukimbia."

"Kwa nini?"

Swali lilikuwa lake mwenyewe, limemrudia. Bi Ehee alikuwa amemsimamisha yule mlinzi maskini pale kwa nguvu, bila kumpa sababu, kwa kuwa tu alitaka mdogo wake asikimbie.

"Alikuwa amejifanya jasiri siku nyingi," alianza, "mpaka..."

Mdogo wake alipeleka mkono kichwani, akapapasa. "Dada, njia hii mbona imepinda?"

Ilikuwa imepinda kweli, toka utosini hadi kisogoni, kama kijia cha mbuzi. Tangu ajue kushika kitana, Bi Ehee hakuwahi kupindisha njia.

"Naogopa," alisema. "Naogopa kuliko wewe. Baba na mama wametangulia, nimebaki na wewe tu. Nimekaa hapa nakupigia porojo, najifanya hodari."

"Mimi nilidhani wewe ni chuma," alisema mdogo wake. "Ndiyo maana niliona haya kukwambia ukweli. Nikaisingizia mashine."

"Na daktari wa watu ukamuulia ndugu zake."

Walicheka, kisha wakalia, kisha Bi Ehee akajifuta kwa kanga na kuchukua kitana. "Ngoja niifumue nianze upya."

"Iache. Nitakwenda nayo."

Asubuhi, muuguzi alipokuwa akimvisha kofia, alisita. "Nani amekusuka hivi, mama?"

"Dada yangu. Alikuwa anajifanya haogopi."

"Na wewe?"

"Mimi najifanya sasa hivi."

Muuguzi na Bi Ehee walimsindikiza hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Pale miguu yake ikasita, miguu ileile, na Bi Ehee, aliyesimama nyuma yake, akaiona. Alitaka kumwambia neno. Hadithi zote alizowahi kusimulia zilimtoka kichwani, kikabaki kitu kimoja tu.

"Ehee?" alisema.

Mdogo wake akapenyeza kidole chini ya kofia, akaipapasa ile njia iliyopinda kama mtu anayehakikisha ufunguo uko mfukoni, akaingia kwa miguu yake.