Mwenye Nyumba ni Mimi

Resian alipelekwa shule kwa sababu baba yake hakuwa na kazi naye. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna haja ya kuipamba habari hiyo. Serikali ilitaka kila boma la wafugaji kule nyuma ya Kang'ata litoe mtoto mmoja. Wavulana walikuwa na ndama wa kuchunga, mabinti wakubwa walikwisha poswa, akabaki huyu mwembamba mwenye kikohozi kisichoisha. Wakamtoa. Alimaliza darasa la saba, akabatizwa Ruthi, akakaa mwaka mmoja Korogwe akijifunza cherehani, kisha akarudishwa bomani kuwa mke wa tatu wa mzee Parit. Jina la Ruthi likabaki kwenye cheti. Watu waliendelea kumwita Resian.

Mwaka 1994 vyama vilikuwa vimeruhusiwa kuwa vingi, na karibu kila kitu kingine kimeruhusiwa pia, kuanzia mitumba hadi mabasi ya watu binafsi. Wanaume wa kata ile wakashindwa kuelewana nani awe diwani. Wazigua wenye mashamba walikuwa na mtu wao, wafugaji walikuwa na wawili, na wote watatu walikuwa na ugomvi wa mahindi yaliyoliwa na ng'ombe. Resian ndiye aliyekuwa akiwasomea barua zao, za pande zote. Wakasema basi, tumweke huyu mama kwa muda, hana madhara. Akawa diwani, mwanamke wa kwanza katika kata ile. Siku ya kikao cha kwanza diwani mwenzake alimkabidhi birika, akidhani amekuja kugawa chai. Resian alilipokea, akajimiminia kikombe kimoja, akaliweka birika mezani, akavuta kiti akakaa.

Birika halikumkera kama daftari la wapiga kura. Alipoliomba na kulipekua, aliwakuta wanaume wa mabomani karibu wote. Wanawake wa mabomani walikuwa saba. Saba, kata nzima, na yeye mwenyewe akiwa mmojawapo! Kwa hiyo wake wenzake, mawifi, wale aliokwenda nao kuchota maji miaka ishirini, hakuna aliyemchagua wala kumkataa. Aliitwa mwakilishi wao, nao hawakuwahi kuulizwa. Alikasirika siku ile na hasira ile haikumtoka tena.

Miaka sita alilisema jambo hilo kikaoni, na kila mara lilikuwa na jibu. Wamasai wanahama. Wanawake wao hawajui kusoma. Waume zao wanawasemea. Mmoja alimwambia kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mtoto, kwamba wanawake wenyewe hawajalalamika. Wangelalamika wapi?

Na hayo hayakuwa yote. Zamani dawa ya josho ililetwa na serikali, ng'ombe wakaogeshwa, kupe wakafa. Ilipokuja soko huria, wafugaji wakaambiwa wajinunulie. Josho la kata likakauka, nyasi zikaota humo ndani. Ndigana, homa inayoletwa na kupe, ikaingia. Kaika, mke mkubwa wa Parit, alipoteza ndama tisa katika msimu mmoja. Resian aliahidi josho, akaliomba, akanyimwa, akaahidi tena.

Mwaka 2000 watu wakaandikishwa upya, mwezi wa nane, kiangazi kikali. Karani wa kuandikisha alikuwa kijana aitwaye Kasmiri, akikaa na meza yake kwenye darasa la shule ya kijiji. Siku ya kwanza wanaume wakaenda, Parit mbele yao, wakapewa shahada zao za kupigia kura. Kesho yake wakaondoka na ng'ombe kufuata maji upande wa mto Pangani. Siku ya tatu wakaenda wanawake, Kaika akiwaongoza, wakiwa wamejipamba shanga zao zote.

Kasmiri hakunyanyua kichwa. Shikamoo hakuitoa, ingawa Kaika angeweza kumzaa.

"Nyie mnatoka boma gani?"

"La Parit," Kaika akasema.

"Parit ameshaandikwa. Kaya moja hiyo. Tena nyie watu wa kuhama, nitajuaje mnakaa hapa? Aje mwenye nyumba awatambulishe."

"Mwenye nyumba ni mimi."

Kasmiri akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Mumeo, mama. Mwenye nyumba ni mumeo. Akirudi, mje naye."

Akirudi! Parit angerudi na mvua, na daftari lilikuwa linafungwa baada ya siku tatu. Karani yuleyule alikuwa amemwandika Resian bila swali hata moja, kwa kuwa ni mheshimiwa. Resian aliposimuliwa alikwenda kumwona, akaambiwa ni utaratibu. Akauliza umeandikwa wapi. Kasmiri akamwambia akamuulize mkubwa wake.

Basi Resian akamfuata huyo mkubwa. Aliambiwa yuko Korogwe kwenye semina, akaenda Korogwe: kwa miguu mpaka Kang'ata, juu ya lori la mahindi mpaka Handeni, kisha basi. Mlangoni pa nyumba ya wageni kulipofanyika semina, kijana wa mapokezi alimtazama shuka na shanga, akasema, "Dawa za mizizi tutanunua mchana, mama." Resian akampita. Humo ndani maofisa walikuwa wakila chapati na supu wakizungumzia ushirikishwaji wa wananchi.

Mkubwa aliitwa Bwana Kibwana, mtu wa makamo, mstaarabu wa maneno. "Karibu Mheshimiwa, keti," akasema.

"Sikuja kuketi. Karani wako anasema wanawake wetu hawaandikwi mpaka aje mwenye nyumba."

"Ni katika kuwatambua tu, mama. Ninyi mnahama..."

"Wanaohama ni wanaume na ng'ombe. Mimi niko pale pale tangu nimeolewa. Sasa nikuulize, Bwana Kibwana, nyumba ya Mmasai anaijenga nani?"

Kibwana akatazama chapati yake. Jibu alikuwa nalo, kila mtu Handeni analijua.

"Ninakata fito mimi," Resian akasema. "Udongo na samadi ninakanda mimi, kwa mikono hii. Ikivuja ninaziba mimi. Kaika amejenga yake, mimi yangu, kila mke yake. Parit hana nyumba hata moja pale. Analala kwetu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na tukimkasirikia analala nje. Kama sheria yenu ni mwenye nyumba, mfuteni Parit. Yeye ndiye asiye na makazi."

Meza ya pili mtu alipaliwa na supu. Wengine wakacheka, na kicheko kile kilimuudhi Resian kuliko kile cha Kasmiri, maana yeye hakuwa anatania. Alisimama pale pale mpaka Kibwana alipoomba karatasi. Aliandika kwamba kila mkaazi aliyetimiza umri aandikwe, na mwanamke atambulishwe na jirani yake aliyekwisha kuandikwa.

Resian alifika kijijini na barua hiyo siku ya mwisho, saa saba mchana, miguu imevimba. Wanawake arobaini na mmoja walikuwa wamekaa chini tangu alfajiri. Kasmiri aliisoma barua mara mbili, akatazama saa yake, akasema fomu huenda zisitoshe. Resian akaketi mbele ya meza, akamwambia aanze, wataona zitakapoishia. Yeye akamtambulisha Kaika, Kaika akamtambulisha wa tatu, na kila aliyefika mezani, bila hata kuulizwa, alisema kwanza, "Mwenye nyumba ni mimi." Kasmiri alilisikia neno hilo mara arobaini na moja. Fomu zilitosha.

Oktoba wakapiga kura. Resian aligombea tena, na mpinzani wake alikuwa Mustafa, mfanyabiashara aliyekuwa na duka Mkata na shamba katika kata, mtu wa ahadi nyingi, mojawapo ikiwa dawa ya josho. Kura zikahesabiwa kwenye darasa lilelile. Mustafa alimshinda kwa kura kumi na tisa.

Resian alirudi bomani akamkuta Kaika anakamua.

"Kumi na tisa tu, dada," akasema. "Sijui nani kaniangusha."

"Mimi mmojawapo," Kaika akasema bila kuacha kukamua. "Nimempa Mustafa."

Resian alidhani hakusikia vizuri. Kisha hasira ikampanda, hasira ambayo hata Kasmiri hakuwahi kuipata. "Mimi nimelala juu ya mahindi kwenye lori! Nimesimama mbele ya wanaume wanaonicheka! Nilikwenda Korogwe kwa ajili yako, Kaika!"

"Ulikwenda. Na sikusahau." Kaika akainuka na kibuyu chake. "Lakini ndama wangu wamekufa tisa, na josho umeniahidi miaka sita. Sasa niambie, kule Korogwe ulikwenda kunitafutia mimi kura, au ulikwenda kujitafutia wewe?"

Resian akageuka akaingia nyumbani mwake. Kwa wiki mbili hawakusemezana, na walikuwa wakichota maji kisima kimoja. Alimwona Kaika hana shukrani, na alikuwa na haki ya kuumia. Asiyeumia kwa jambo kama hilo hana damu. Lakini kila alipolitafuta jibu la swali lile, alilikuta linamtia aibu.

Siku moja ya gulio Kang'ata, Kasmiri alimwona kwenye vibanda vya mitumba. Safari hii alimwamkia. "Shikamoo mama diwani wa zamani! Nilikwambia, hukusikia. Ungewaacha nyumbani wale waliompa Mustafa kura, leo kiti ni chako."

Watu wa jirani wakageuka kusikiliza. Resian akaliweka chini shati alilokuwa akilipima.

"Wewe uliwakatalia kwa sababu ulidhani ni mali ya Parit," akasema. "Mimi nimenuna wiki mbili kwa sababu nilidhani ni mali yangu. Tumekosea sote, mwanangu. Tofauti ni kwamba mimi nimeshaambiwa."

 Resian akamuuliza uandikishaji mwingine utakuwa lini, maana kuna mabinti wawili wa Kaika ambao wakati huo watakuwa wametimiza umri.