Jeli ya LaVonne na Hita ya Verlyn Odegaard

Mtengenezaji anatamka rasmi kwamba ndani ya gari hili kila abiria ni mtawala wa hali yake ya hewa, na kwamba joto la Januari na ubaridi wa Julai vitamfikia alipo kwa kugusa kishikizo kimoja tu, kwa ncha ya kidole. Hivyo ndivyo kisemavyo kitabu cha gari la Verlyn Odegaard, ukurasa wa kwanza, chini ya picha ya mwanamke mwenye glavu nyeupe anayeitabasamia dashibodi. Gari lenyewe ni la mwaka 1967, rangi ya krimu, na ni refu kiasi kwamba likiingia kituo cha mafuta cha mji wetu wa Skogdal nusu yake hubaki barabarani ikisubiri zamu. Verlyn alikiamini kitabu hicho kama alivyoiamini katekisimu, yaani bila kurudi kukisoma.

Maisha yake yote ya kazi Verlyn alikuwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, katika ile sehemu ya Minnesota ambako ng'ombe ni wengi kuliko Walutheri, ingawa tabia zao hazipishani sana. Mashine ya kukamulia haina siri. Ni mvuto wa hewa unaopita kwenye mipira, vibomba vya raba. Mvuto ukiwepo, maziwa yanatoka. Ukivuja popote, ng'ombe anageuza shingo kukutazama. Verlyn alikuwa akiingia zizini, anasimama mlangoni kofia mkononi kama mtu aliyekuja msibani, anasikiliza, kisha anauendea mpira uliopasuka bila kupapasa mwingine wowote.

Alistaafu. Mkewe, Arlys, alikuwa ameshafariki, na nyumba ilikuwa na vikombe vingi kuliko wanywaji. Ndipo akalinunua lile gari kutoka kwa warithi wa daktari wa meno. Walimwambia kwamba kila kitu kinafanya kazi isipokuwa hita na kiyoyozi, ambavyo vina akili zao. Ukiomba hewa usoni, inakwenda kwenye kioo. Ukipanda kilima, inahama yenyewe katikati ya safari, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

Verlyn alijilaza chali chini ya dashibodi akaanza kucheka peke yake. Vile vishikizo havikuvuta waya. Vilikuwa vinagawa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, kupitia mipira myembamba, hadi kwenye vikopo vidogo vilivyofungua na kufunga milango ya hewa. Ilikuwa mashine ya kukamulia. Mtu alikuwa ameificha ndani ya gari.

Aling'oa mipira yote iliyokauka, akaweka mingine kutoka kwenye kreti aliloondoka nalo kazini: mipira myeupe, laini, safi, iliyokubaliwa na ng'ombe wa kaunti tatu. Akawasha injini palepale gereji, akaweka ncha ya ulimi kwenye mdomo wa kila mpira. Kila mmoja ulimnasa ulimi. Alisogeza kishikizo, hewa ikatoka ilipoambiwa itoke. Akaingia ndani kunywa kahawa, mtu aliyekamilika.

Kilichobaki kilikuwa kupata wa kukaa kiti cha pembeni, na kwa nafasi hiyo Verlyn alikuwa na jina moja tu kichwani. LaVonne Skaar alikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu, mjane, mwanamke wa mgongo ulionyooka, aliyeweza kumfanya mchungaji afupishe mahubiri kwa kugusa noti moja ya chini. Alikubali kwenda naye mji wa Fergus Falls kununua miche ya nyanya. Ilikuwa Juni, na mahindi yalikuwa yanasinyaa kwa jua. Verlyn, kiyoyozi kikimpiga kifuani, alimuuliza kama yuko sawa.

"Si haba," akasema LaVonne.

Kwetu "si haba" ni jibu la aliyeshinda bahati nasibu na pia la aliyevunjika nyonga. Ni kazi ya msikilizaji kutofautisha. LaVonne alipoteremka alikuwa mwekundu hadi masikioni, na Verlyn akaona hiyo ni dalili njema.

Walitoka tena mara mbili. Mara zote mbili si haba, mara zote mbili wekundu. Kisha LaVonne akaanza kuwa na shughuli. Kinanda kilihitaji kusafishwa. Dada yake alihitaji kupigiwa simu, ndefu.

Basi Verlyn akaamua kutoa karata yake kubwa. Kila Agosti wenye magari ya zamani huenda kwa msafara hadi Duluth, kwenye ziwa kubwa, na yeye alikuwa amezoea kwenda na kiti tupu pembeni, kofia yake ikiwa ndiye abiria. Alimwalika LaVonne. Kwa adabu zetu mwaliko hukataliwa mara ya kwanza, hukataliwa mara ya pili, na mara ya tatu mtu hukubali huku akinung'unika kwamba hakutaka kumsumbua yeyote. Anayekubali mara ya kwanza hutazamwa kama mtu wa kutoka Chicago. LaVonne alikataa mara ya kwanza, na Verlyn hakujali. Akakataa mara ya pili. Mara ya tatu akasema, kwa upole mkubwa, kwamba Agosti ni mwezi wa joto, na afadhali abaki nyumbani.

Kukataa mara ya tatu ni kukataa. Verlyn alirudi gereji akakaa ndani ya gari bila kuliwasha.

Huko ndiko Orrin Thune, jirani yake aliyekuja kurudisha ngazi, alikomkuta. Orrin aliegemea mlango akasikiliza habari yote, kisha akatoa maoni kwamba huenda shida ni zile stori za kukamua.

"Nilimsimulia mbili tu," akasema Verlyn.

"Ile ya ng'ombe wa Hegstad aliyekalia ndoo?"

"Hiyo ni moja."

"Basi hiyo inatosha, mzee."

Mambo yangeishia hapo kama si breki za gari la LaVonne. Gari lake lilikuwa kwa fundi Jumapili ile tulipoalikwa na kanisa jirani kwa chakula cha jioni, kila nyumba na bakuli lake, na hakukuwa na gari jingine lenye nafasi ila la Verlyn. Akapanda, na bakuli lake la jeli ya kijani iliyoganda, yenye karoti za kukunwa, akaliweka sakafuni katikati ya miguu. Njia ni zaidi ya nusu saa. Waliongea juu ya mvua. Verlyn, mtu aliyevunjika moyo lakini aliyelelewa vizuri, aliuliza kama yuko sawa. Akajibiwa kwamba si haba.

Walipofika ukumbi wa chini wa kanisa, LaVonne alifunua bakuli mezani. Jeli ilikuwa imekuwa maji. Karoti zilielea juu zikizunguka taratibu. Wanawake waliosimamia meza waliitazama. Mmoja alikwenda kutafuta upawa, mwingine akalisogeza bakuli upande wa supu. Mchungaji alikunywa vikombe viwili akasema inaburudisha.

Verlyn alisimama na kikombe chake mkononi, vuguvugu, akikitazama kama mtu aliyepokea barua kutoka serikalini. LaVonne alikuwa amelelewa asilalamike. Jeli haikuwa imelelewa.

Asubuhi alimwita Orrin. Gereji, injini ikiwa ndiyo kwanza imewashwa na bado baridi, kila mpira ulinasa ulimi kama zamani. Basi akampakia Orrin kiti cha pembeni, akafungulia kiyoyozi, wakaanza kulizunguka ziwa letu dogo la hapa mjini. Baada ya muda Verlyn akauliza kama kuna joto miguuni.

"Si haba," akasema Orrin, jasho likimdondoka kidevuni.

"Orrin, nakuuliza kama fundi."

"Na mimi nakujibu kama mgeni garini mwako."

Verlyn akaona kwamba katika mji wote wa Skogdal hakuna binadamu anayefaa kupimia hita. Alisimama dukani, akanunua siagi, akakata kipande akakiweka kwenye kisosi, kisosi akakiweka sakafuni. Walipofika kwenye maghala ya nafaka siagi ilikuwa inang'aa. Walipofika darajani ilikuwa imemwagikia soksi ya Orrin.

"Sasa, kuna joto kidogo," akakiri Orrin, kwa kuwa siagi ilishasema.

Wakasimama kando ya barabara, wakainua boneti injini ikiwa bado ya moto, jambo ambalo Verlyn hakuwahi kulifanya tangu aweke mipira yake. Aliipapasa mmoja baada ya mwingine, akafika kwenye ule unaokwenda kwenye vali ya hita. Kazi ya vali hiyo ni kuyazuia maji ya moto ya injini yasiingie hita wakati wa kiangazi, na hujifunga kwa mvuto wa hewa. Mvuto ukikatika, inafunguka. Na ule mpira mweupe, laini, safi, ulikuwa umelegea kwa joto la injini ukajifyonza wenyewe hadi ukalala bapa kama utepe. Gereji, kukiwa na ubaridi, ulisimama vizuri. Safari ikinoga, ulilala, vali ikafunguka, na maji yanayochemka yakapita ndani ya boksi lililo mbele kabisa ya vidole vya miguu vya LaVonne Skaar. Upande wa dereva haukuwa na habari.

Verlyn aliuchomoa ule mpira, akaubonyeza kwa kidole.

"Umewahi kumkuta ng'ombe mwenye joto kama la injini?" Orrin akauliza.

"Hapana."

"Basi usiulaumu mpira."

Orrin anasema hajawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kugundua kosa lake mwenyewe. Verlyn alipiga boneti makofi, akakumbatia rejeta, akaungua, akacheka. Haikuwa yeye. Hazikuwa hata zile stori. Ilikuwa ni hita.

Aliweka mpira mweusi wa gari, akakuta na vali yenyewe imechanika utando kwa kufungwa na kufunguliwa ovyo. Kipuri kingefika baada ya Duluth. Hivyo akachukua koki ya shaba kutoka chumba cha maziwa cha shamba la zamani, akaifunga kwenye njia ya maji ya moto badala ya vali, akaikaza kwa plaizi hadi maji yakakatika. Wakalizunguka ziwa tena na siagi mpya. Ilirudi ngumu kama ilivyotoka dukani, na Orrin akaipaka kwenye mkate.

Iliyobaki Verlyn aliipeleka kwa LaVonne, ikiwa bado kwenye kisosi. Alimkuta barazani akimenya njegere, akasimama ngazi ya chini.

"LaVonne," akasema, "miguu yako ilikuwa inaungua?"

LaVonne alimenya njegere moja, akamenya nyingine. "Kulikuwa na joto kidogo," akasema. Kisha, kwa kuwa kisosi kilikuwa bado kimenyooshwa mbele yake: "Soli ya kiatu changu cha kushoto imebanduka. Gundi iliyeyuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umelifurahia sana gari lako, Verlyn."

Akamweleza juu ya mpira, vali na koki, maelezo marefu kuliko yaliyohitajika, na LaVonne aliyasikiliza yote. Halafu akamwalika Duluth. LaVonne akasema asijisumbue. Akamwalika tena. Akasema pengine kuna mtu mwingine anayeitaka hiyo nafasi. Verlyn akavuta pumzi akamwalika mara ya tatu.

"Kama kweli haitakuwa usumbufu," akasema LaVonne. Kwa lugha ya kwetu huko ni kurukaruka kwa furaha.

Msafara ulitoka asubuhi yenye jua kali, na njia nzima kiyoyozi kilifanya kazi kama kitabu kilivyoahidi. LaVonne aliomba stori ya ng'ombe wa Hegstad, akaicheka hadi akavua miwani. Lakini Duluth ina tabia yake. Gari lilipoanza kuteremka kilima kulielekea ziwa, upepo ukaja kutoka majini kama mtu amefungua friji, na hata walipozima kiyoyozi ndani kulibaki baridi. Verlyn alimtazama LaVonne, akamwona amekunja mikono.

"Uko sawa?"

LaVonne alifungua mdomo, na lile jibu lilikuwa tayari limeshafika kwenye meno. Akalirudisha.

"Hapana," akasema. "Nina baridi."

Verlyn hakuwahi kuambiwa neno tamu kama hilo. Aliwasha taa ya kuegesha akasimama palepale kilimani, magari ya zamani yakimpita moja moja yakipiga honi, akainua boneti, na kwa plaizi na kitambaa akaifungua koki ya shaba. Alirudi na masizi puani. Joto likaanza kupanda miguuni mwa LaVonne, taratibu, kwa ruhusa yake.

Walioana Oktoba, na jeli ilikuwepo, imeganda. Kipuri cha vali kilifika kabla ya harusi na bado kimo kwenye boksi lake, juu ya rafu gereji. Kitabu cha gari kimo mahali pake ndani ya dashibodi, na ukurasa wake wa kwanza. Plaizi ya koki hukaa kwenye mkoba wa LaVonne.