Wakhungu na Viti vya Watu

Walimwita Makalio, na bana hilo jina likamganda kama kupe. Miaka ya thelathini Wakhungu alikuwa anazunguka vijiji na baiskeli, akitafutia mzungu mmoja wa Kitale vitu vya kale. Kiti kipya mzungu hakitaki. Anataka kile wazee wamekalia mpaka kikang'aa. Sasa watu wakimwona tu, "Ficheni viti, mnunuzi wa makalio amefika!"

Baba yake akafa huko Myanga, habari ikampata akiwa mbali Elgon. Kiti cha mzee kilikuwa chake, yeye kifungua mimba. Matanga yakiisha, mwenye kukikalia ndiye mkubwa wa boma. Akasukuma baiskeli na mzigo wake wote, akafika watu washanyolewa, matanga yameisha. Mdogo wake Walubengo amekalia kiti.

"Hicho ni changu, Walubengo."

"Si tulikungoja, kaka? Na hapo nyuma umebeba viti vya watu. Chagua kimoja ukae."

Boma lote likacheka. Wakhungu alikuwa amechoka hata kugombana. Akaangalia vile viti vya baba za wengine, halafu akaketi chini kwa vumbi.

Kwenu je, kiti cha babu kilichukuliwa na nani? Tupieni stori zenu hapa chini.