Rimu za Alumini na Foki Niliyoipaka Rangi

Ndugu Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu na la kanisa langu, maana hapa Ruiru tunajuana mpaka kwa kikohozi. Majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, nina mke na watoto watano, nilisoma mpaka darasa la nne kwa wamisheni, na ni mzee wa kanisa. Pombe sinywi, sigara sivuti. Lakini nimebeba kitu moyoni ambacho maombi hayakitoi, na kusema kweli sijaomba sana kitoke.

Kwa miaka sita nilipeleka maziwa Thika kwa baiskeli, debe moja kila asubuhi, kutoka Gitothua mpaka hoteli moja ya chai. Baiskeli yangu ilikuwa nyeusi, chuma kitupu, nzito kama ng'ombe aliyekataa kusimama. Kazi hiyo ndiyo iliyonipatia pasi, kile kibali cha serikali cha kwenda Thika, na siku hizi za hali ya hatari mnajua mtu bila pasi ni nini.

Sasa kuna fundi wa baiskeli, nitamwita Gathogo, anaimba sauti ya chini katika kwaya yetu. Mwaka jana alinikuta mlimani pale Juja nikisukuma, jasho linatiririka. Akacheka.

"Mzee, unasukuma reli? Acha nikufungie rimu za alumini, foki nyepesi na usukani mwepesi. Hii utaiinua kwa kidole."

Jamani, akaiinua ya kwake kwa kidole, mbele ya macho yangu! Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu nataka kuuza mtamba wetu, ninunue hivyo vyuma. Aliweka mwiko chini.

"Atiriri, hebu niambie, Baba Njeri, huyo fundi atakupunguzia ratili ngapi?"

"Kama sita hivi."

"Na hilo tumbo? Si uanze na hilo, ni la bure."

Nilikasirika, na mtamba nikauza.

Sitadanganya. Siku ya kwanza, bila mzigo, niliruka barabarani mpaka watoto wakanikimbilia nyuma wakipiga vigelegele. Nilijiona kijana. Lakini mimi sikuwa mtu wa mashindano, nilikuwa mtu wa maziwa. Nilipunguza ratili sita za chuma, kisha nikapakia debe zima juu ya keria! Wiki ya tatu, kwenye mteremko wa mto Ndarugu, rimu ya mbele ilijikunja kama chapati, na maziwa yakanywewa na vumbi. Gathogo akainyoosha. Ikajikunja tena. Mara ya tatu mwenye hoteli aliniambia, "Mzee, wateja wangu hawatii samahani kwenye chai."

Kesho yake nani alipeleka maziwa? Gathogo! Tena juu ya rimu zangu za zamani na foki yangu ya zamani, vile vyuma alivyoniambia, "Niachie nikutupie." Nilimkabili baada ya mazoezi ya kwaya. Akanijibu bila aibu, "Mzee, nilikuambia ni nyepesi. Nilikuambia ni ngumu?" Kwaya nzima ikacheka. Tangu siku hiyo vijana huniita Bwana Unyoya. Pasi yangu ilipoisha haikutolewa nyingine, kwa kuwa kazi sina.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Ile foki, yaani chuma kinachoshika gurudumu la mbele, ilipata ufa juu kabisa nilipoanguka mtaroni zamani. Fundi wa kuchomea vyuma kwenye shamba la mkonge aliiunga, akanionya, "Debe moja tu, na usibebe mtu." Nikaipaka rangi nyeusi mwenyewe, vizuri, hata jicho la fundi halioni. Gathogo hajui. Yeye hubeba madebe mawili, na Jumapili humpakia mkewe Wairimu nyuma, na mtoto mgongoni, wakiteremka kilima cha mtoni kuja kanisani.

Jumapili iliyopita baiskeli ya Gathogo ilikuwa imeegemea ukuta wa kanisa. Nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikatazama. Rangi imepasuka, na chini yake mna mstari wa kutu, mwembamba kama unywele. Nilifurahi. Mungu ananiona, nilifurahi kama mtu aliyepata barua ya mwanawe! Siku hiyo niliimba kuliko kwaya. Na usiku nikapiga magoti nikaomba ivunjike siku ya kazi, pale pale Ndarugu, akiwa peke yake na madebe yake, si Jumapili. Hivyo ndivyo ninavyoomba siku hizi, mimi mzee wa kanisa.

Juzi Wairimu alikuja nyumbani. Huyu ndiye aliyempikia mke wangu uji wiki mbili alipojifungua. Akasema, "Baba Njeri, tunataka wewe na mama msimame na mtoto wetu siku ya ubatizo, muwe wazazi wake wa kanisa." Mke wangu akaitikia kabla sijafungua mdomo.

Kwa wanaouliza kama vyuma vyepesi vina thamani ya pesa zake, nawajibu: vinamfaa mtu asiyebeba chochote ila roho yake. Mimi nilibeba riziki.

Nikimwambia Gathogo, atabadilisha foki kwa saa moja, atanicheka, na maziwa ataendelea kupeleka. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Msinihubirie kusamehe, hayo nayafundisha mwenyewe. Niambieni tu: mtu akichukua kitu chako kwa hila, ni juu yako kumwonyesha ufa wake? Gazeti hili huwa mezani pale hotelini, lakini Gathogo husoma habari za mpira tu.

Wasomaji wenzangu, nifanyeje? Jibuni upesi. Ubatizo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, na Wairimu amesema atakuja kwa baiskeli.