Ekseli ya Nyuma

Mume wangu alikuwa na gari lisilotembea na maoni yasiyosimama. Gari lilikuwa la Kifaransa, la zamani, limekaa uani kwetu Likasi tangu petroli ilipogeuka kitu cha wakubwa. Mshahara wake wa mgodini nao ulikuwa umefuata njia hiyo hiyo. Lakini kila Jumapili, tukishatoka kanisani, rafiki zake wawili walikuja: mmoja dereva wa zamani wa malori ya mgodi, mwingine mwalimu wa fizikia aliyesahauliwa na serikali. Boneti ikafunguliwa, na mabingwa wakaanza kuhukumu viwanda vya Ulaya na Japani.

Walikuwa na gazeti moja la magari, lisilo na jalada. Hayo magari mapya hawajapata kuyagusa, sembuse kuyaendesha. Halikuwazuia hilo.

"Angalia hii, plastique tupu," dereva alisema, akigonga picha ya bampa kwa kidole. "Ukigonga mbuzi, mbuzi inaenda, motokari inabakia."

"Na moteur iko na ordinateur, kompyuta ndani," mwalimu akaongeza. "Ikikufa, utaita nani? Carburateur unaifungua, unaipuliza, unaenda."

"Zote ziko sura moja," mume wangu akamaliza, kwa huzuni ya kweli. "Mviringo, sawa sabuni ya kutumika."

Niliwapelekea maji ya kunywa, maana chai ilikuwa imekwisha. Wajapani niliwaonea huruma.

Wiki nzima mimi nilikuwa barabarani, nikingoja malori ya mahindi kutoka Kapolowe. Nilinunua gunia, nikaligawa, nikalipeleka sokoni kichwani kidogo kidogo, na faida yake ndiyo watoto walikula jioni, mlo mmoja. Kisha mama mmoja mwenye mahindi akaniambia atanipa kazi ya kumfikishia magunia yake yote sokoni, ila niwe na mkokoteni. Nisipokuwa nao, kazi angempa mwingine.

Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya mabingwa. "Baba wa batoto, nipatie ekseli ya nyuma na magurudumu yake."

Wakanitazama kana kwamba nimeomba jeneza.

"Mama!" dereva akalia. "Suspension na springi za namna hii habatengeneze tena!"

"Na minye batoto sitengeneze tena," nikamjibu. "Ni bale tu niko nabo, na banakula mara moja tu kwa siku."

Mume wangu alifunga boneti mapema siku ile. Nilimwonea uchungu, na hasira pia, maana injini hailiwi.

Siku chache baadaye, asubuhi, nikasikia nyundo. Gari lilikuwa juu ya matofali, nyuma tupu, naye anapigilia mbao juu ya ekseli. Hakuniangalia.

Tulipotoka na mzigo wa kwanza, rafiki zake walitukuta kwenye mwinuko wa kwenda sokoni. Maoni walikuwa nayo, bila shaka. Uzito umeelemea nyuma, dereva alisema. Mwalimu akasahihisha urefu wa mpini. Mume wangu, mtu wa kubishana juu ya plagi mpaka jua lizame, aliendelea kuvuta mkokoteni. Jasho lilimtiririka mbele ya mtaa mzima uliomjua akiendesha. Nikashika mbao nisukume.

"Acha, mama," akasema. "Weye tembea tu. Shingo yako iko inauma tangu zamani, minye niko naona."

Nami nilidhani alikuwa anaangalia gari tu.