Marejea Mbele ya Bendera

Mwalimu wa kilimo alitangaza paredini kwamba mwenye tuta tupu hapandi lori la kwaya kwenda Mbeya. Akanitazama mimi. Mimi niliyekuwa naimba sauti ya pili, na maishani sijawahi kuvuka Isongole!

Tuta langu lilikuwa nyuma ya goli la mpira. Udongo umekanyagwa hadi ukachoka. Maharage yaliyothubutu kuchomoza pale yalijuta. Elimu ya kujitegemea hiyo. Nikaenda ukingoni mwa barabara nikachuma marejea, jamii ya kunde ya porini yenye maua ya njano, inayojiotea bila kubembelezwa, na Mwalimu mwenyewe alishatuambia inarudisha rutuba. Maganda yake yakikauka, mbegu hulia ndani kama kayamba. Nikajaza mfuko wa sketi.

Mama alipoyaona akasema, "Afadhali hayo yanarejea. Wewe nikikutuma chumvi ndiyo moja kwa moja."

Nikapanda. Kesho yake nikafukua nione. Bado. Nikafukia. Kesho tena nikafukua.

"Dada," rafiki yangu wa dawati moja akaniambia, "hata maiti huachwa apumzike."

Ningetuliaje? Hata paredini nilibadilisha mguu huu na huu, mfuko ukilia cha, cha, cha, wimbo wa taifa ukapata ngoma usiyoiomba.

Asubuhi ya safari tuta lilikuwa na upara uleule.

"Nani kapanda magugu mbele ya bendera?" Mwalimu alinguruma.

Nikatazama. Miche imejipanga palepale ninaposimama siku zote! Nikatia mkono mfukoni, vidole vikatokea upande wa pili. Mbegu zilizodondoka hapo shule nzima ilizikanyaga, ila hakuna aliyezifukua.

"Ni yangu, Mwalimu. Imekataa tuta, imehamia kijiji cha ujamaa."

Wote wakacheka, yeye hakucheka. "Wahamishe warudi kwao. Wakifa, utabaki kuwazika."

Nikawahamisha na udongo wao. Lori lilipowashwa, wanakijiji wangu wote walikuwa wamelala chali. Nikawamwagia maji kwa kikombe, huku wenzangu wakiimba sauti yangu juu ya lori, vibaya, kwa makusudi.

Mwalimu akaja, akainama. "Wamekufa?"

"Wamelala tu, Mwalimu. Safari inachosha."

Akajikuna kidevu. Akaligeukia lori, akanigeukia mimi.

"Panda," akasema.

Nikaokota jembe.

"Lori, we mtoto! Lori!"